Hivi maneno makali ya wanasiasa yanaweza kumsukuma mgonjwa wa akili kwenye ukatili? Nina kaka anaumwa, kuna kitu nimekiona

Kitinda_Mimba

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu, kwa hiyo mnivumilie ukiwa mrefu.

Kila kiongozi akipigwa risasi au kuchomwa kisu popote duniani, haipiti saa moja watu wameshagawanyika. Huku wanasema mmeona sasa, haya ndiyo matunda ya midomo yenu, kule wanajibu ah yule ni kichaa tu, siasa inaingiaje hapo. Basi watatukanana wiki nzima, mazishi yatapita, na hakuna aliyekaa akauliza hiki kitu kinafanyikaje ndani ya kichwa cha mtu. Mimi nataka tuulize hicho.

Nianze na nyumbani. Kaka yangu amenizidi miaka sita, anaumwa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia na kuamini visivyokuwepo, tangu ana miaka 21. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa ya ukutani, mtu mpole sana, akiwa kwenye dawa zake huwezi kujua kama anaumwa labda uwe umemtazama mikono inavyotetemeka akishika kikombe. Sasa mwaka mmoja wa kampeni akaacha dawa kimyakimya, anaziweka chini ya ulimi, tukigeuka anatema, sisi hatuna habari. Na alikuwa na karedio kadogo ka betri analala nako sikioni.

Kulikuwa na mgombea mmoja, simtaji, ana kipaji cha kuongea kwa mafumbo. Kila mkutano lazima aseme wapo wasaliti kati yetu, majina hatuyataji, wenyewe wanajijua. Mimi nikisikia hivyo naendelea na kazi zangu, ni maneno ya jukwaani, tumeyazoea. Kaka yangu akisikia "wenyewe wanajijua" alikuwa anajijua kweli. Aliamini anasemwa yeye, kwamba yule mtu amepanda jukwaani na maelfu ya watu mbele yake ili amfikishie ujumbe yeye peke yake aliyelala gizani.

Nilikuja kugundua siku nimeingia kufagia chumbani kwake. Chini ya godoro kuna daftari, kama kurasa arobaini hivi, pembeni ameandika tarehe na saa kama karani wa mahakama. Saa 2:10 usiku amesema kupe. Saa 2:14 amerudia kupe, amekohoa. Hiyo "amekohoa" ameipigia mstari mara mbili. Kurasa za mwanzo mwandiko ni wa mtu anayeogopa. Za katikati anaomba msamaha, anamwandikia yule mgombea barua kabisa, mheshimiwa mimi si msaliti, naomba uniulizie kwa watu wanaonijua. Halafu za mwisho lugha imebadilika, si ya kaka yangu tena, ni ya mgombea neno kwa neno, kung'oa, kuchoma mpaka mizizi, wanyonyaji, ila sasa anayetakiwa kung'olewa ni mgombea mwenyewe. Ukurasa wa mwisho kabisa kulikuwa na ratiba ya mikutano ya wiki ile, ameinakili kutoka redioni, siku, kiwanja na saa.

Hakuna kilichotokea, Mungu ni mwema. Mama alitoa betri kwenye redio akazifunga kwenye kanga yake, mimi nikakimbilia kliniki bila hata kubadilisha nguo, muuguzi akaja nyumbani, sindano ikachomwa, baada ya wiki kama nne kaka alianza kurudi. Ila ile ratiba haijanitoka mpaka leo.

Sasa nauliza. Ugonjwa alikuwa nao miaka kumi kabla ya yule mgombea kujulikana, hilo nalikubali, hakuna hotuba inayozaa skizofrenia. Lakini miaka ile yote hofu yake haikuwa na anwani. Mara anaogopa jirani, mara nyaya za umeme, mara daktari anayemtibu. Mwaka ule hofu ilipewa jina la mtu, ikapewa sura na sauti, na redio ikaipa mpaka saa ya mkutano. Je, aliyetoa ile anwani hana lolote la kujibu?

Naomba mawazo, hasa ya mnaoyajua haya mambo kwa karibu.

Jembe_la_Shaba

Pole sana kwa kaka yako mkuu, na umesimulia vizuri. Ila hoja yako naiogopa na nitasema kwa nini.

Ukishasema msemaji awajibike kwa kile mtu asiye timamu amekisikia, hakuna atakayefungua mdomo tena. Mgonjwa anasikia ujumbe hata kwenye taarifa ya hali ya hewa. John Hinckley alimpiga risasi Rais Reagan wa Marekani tarehe 30 Machi 1981, mkaulizana siasa gani zilimsukuma? Hakuna. Alikuwa anampenda Jodie Foster, mwigizaji wa filamu ambaye hata hamjui, akaona akimpiga rais binti atamwona. Sasa tumshtaki nani hapo, Foster?

Halafu chukua Tucson, Arizona, tarehe 8 Januari 2011. Kijana wa miaka 22, Jared Loughner, anampiga risasi ya kichwa mbunge Gabrielle Giffords kwenye mkutano wake na wananchi nje ya duka, watu 6 wanakufa, mmoja ni jaji, mmoja katoto ka miaka 9, wengine 13 wanajeruhiwa. Siku hiyohiyo sherifu wa kaunti Clarence Dupnik akasimama mbele ya wanahabari akalaumu maneno ya chuki ya kwenye redio na televisheni. Watu wakafukua ramani ya kamati ya mwanasiasa Sarah Palin ya 2010 iliyokuwa na alama za shabaha juu ya majimbo, jimbo la Giffords mojawapo. Dunia nzima ikasema basi, ni ile ramani. Uchunguzi ukaja ukaonyesha nini? Hakuna ushahidi kwamba aliwahi hata kuiona. Na kinyongo chake na Giffords kilianza 2007, alienda kwenye mkutano wake akamuuliza swali la ajabu, serikali ni nini kama maneno hayana maana, hakuridhika na jibu. Kijana aliamini serikali inatawala akili za watu kupitia sarufi. Sarufi wakuu! Chuo alichokuwa anasoma kilimsimamisha 2010 kikamwambia usirudi bila barua ya daktari wa akili, barua haikuja na hakuna aliyefuatilia.

Kwa hiyo kilichoua watu pale ni ugonjwa bila matibabu na bunduki aliyoiuza mtu kihalali. Tukikimbilia hotuba tunaacha mlango wenyewe wazi.

Kitinda_Mimba

Mkuu Jembe nakushukuru na Tucson nakuachia yote. Tena niongeze la kwako, kinyongo cha 2007 na ramani ya 2010, hata kalenda inakataa. Ila Giffords mwenyewe aliilalamikia ile ramani hadharani mwezi Machi 2010 baada ya mlango wa kioo wa ofisi yake kuvunjwa, akasema mambo kama hayo yana matokeo. Hakuwa anamzungumzia Loughner. Alikuwa anazungumzia watu wazima na akili zao waliovunja kioo. Hilo tutalirudia.

Lakini kesi moja haifungi mjadala. Mtazame Charles Guiteau. Mwaka 1881 chama cha Rais James Garfield wa Marekani kimepasuka makundi mawili yanagombea vyeo, magazeti kila siku yanaandika rais amewasaliti waliompa ushindi, mwezi Mei seneta mkubwa wa kundi la pili, Roscoe Conkling, anajiuzulu kwa hasira. Guiteau ni mtu ambaye akili zake hazikuwa sawa kwa miaka, anaamini kahotuba kake ndiko kalikompa Garfield urais na anadai ubalozi. Siku chache baada ya Conkling kujiuzulu, usiku amelala, wazo linamjia kwamba rais akiondoka kila kitu kitatulia. Alilieleza mwenyewe mahakamani. Akaendelea kusoma magazeti na kila alichosoma kilizidi kumthibitishia, mpaka akafika kusema ni Mungu anamtuma. Tarehe 2 Julai akampiga risasi stesheni ya treni, na maneno yaliyomtoka pale ni ya kundi, kwamba yeye ni mtu wa kundi lile na sasa Arthur, yule makamu wa rais, ndiye rais.

Huyo magazeti hayakumfanya mgonjwa. Ila nani alimwambia kwamba kuna msaliti na msaliti anaitwa Garfield?

nesi_wa_zamu

Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma uzi wote nikiwa nimesimama. Nipo wodi ya akili mwaka wa 14 huu. Niseme ninachokijua, na kwingine nitawakera wote wawili.

Kwanza kuhusu anwani, dada/kaka mwanzisha uzi umesema kitu ambacho sisi tunakiona kila siku. Ugonjwa unaleta umbo, nyenzo zinatoka nje. Umbo ni lile lile, nafuatiliwa, nasemwa, naendeshwa na nguvu fulani. Nani anafuatilia na kwa chombo gani, hayo mgonjwa anayachukua kwenye dunia anayoishi. Wapo watafiti Slovenia walifungua mafaili ya wagonjwa wa skizofrenia wa hospitali ya Ljubljana kuanzia 1881 mpaka 2000, wakaona kabisa imani potofu zinabadilika na siasa na teknolojia ya kila kipindi, redio na televisheni zilipoenea wagonjwa wengi zaidi wakaanza kuamini wanaendeshwa kwa mitambo. Miaka ya 1790 kulikuwa na Mwingereza, James Tilly Matthews, alifungiwa hospitali ya Bethlem baada ya kumpigia kelele waziri bungeni kwamba ni msaliti. Yeye aliamini kuna genge limejificha karibu na linatumia mashine ya hewa kuzitawala akili za wanasiasa wapigane na Ufaransa. Ilikuwa vita na mapinduzi kila kona, na ndicho kilichoingia kichwani mwake. Wodini kwetu kila msimu wa kampeni wagonjwa wanabadilisha maadui, najua nani kahutubia jana kabla sijafungua simu.

Lakini sasa ngoja. Watu wakisoma hapa watatoka na picha kwamba kuna jeshi la wagonjwa limekaa linasubiri amri ya redio. SIYO. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, amefanya hii kazi maisha yake yote, hesabu yake ni kwamba ukiuondoa ugonjwa mkubwa wa akili wote Marekani, ukatili ungepungua kama asilimia 4 tu. Nyingine 96 ni sisi, watu wa hasira, pombe, wivu na tamaa. Utafiti wa MacArthur uliotoka 1998 uliwafuata wagonjwa baada ya kuruhusiwa hospitali, wale wasiotumia pombe wala dawa za kulevya hawakuwa wakatili kuwazidi majirani zao wasiotumia. Na Chicago 2005 Linda Teplin na wenzake waliuliza swali la upande wa pili, wakakuta zaidi ya robo ya wagonjwa walikuwa wamefanyiwa ukatili ndani ya mwaka mmoja, mara 11 kuliko watu wengine. Mimi katika miaka 14 nimepigwa mara mbili. Wagonjwa niliowapokea wamepigwa na ndugu, walinzi, wapita njia, siwezi kuwahesabu.

Penye hatari ya kweli ni kadirisha kadogo, pale mtu anapougua kwa mara ya kwanza na hajapata dawa. Nielssen na Large walikusanya takwimu za nchi kadhaa mwaka 2010, wanaoua kabla ya kutibiwa mara ya kwanza walikuwa karibu mtu 1 kati ya 630, wakishatibiwa inashuka mpaka kama 1 kati ya 9,000 kwa mwaka. Hata hiyo 1 kati ya 630 maana yake 629 hawajaua mtu, na wengi wanaouawa ni ndugu wa ndani ya nyumba, mbunge hayumo.

Kwa hiyo Jembe uko sahihi kwamba dawa ndiyo mlango. Na Kitinda uko sahihi kwamba maneno yanachagua mlango upi utagongwa. Waingereza waliliona hili, tangu 2006 wana kitengo ambacho polisi na wauguzi wa akili wanakaa ofisi moja, mtu akianza kuwaandikia viongozi barua kama zile za kaka yako, swali la kwanza ni huyu anatibiwa wapi. Wengi wa wanaofika pale ni wagonjwa walioachwa na huduma, wanarudishwa kliniki. Barua ya "mheshimiwa mimi si msaliti" kwao ni mgonjwa anayeomba msaada na wanamtafuta.

Mkuki_Moto

Maneno mengi. Kichaa ni kichaa, wafungiwe wasikilize redio huko huko ndani.

nesi_wa_zamu

Mkuki njoo siku moja nikupitishe wodini uwaone hao wa kufungiwa. Mmoja ni mwalimu wa hesabu, anawafundisha wenzake hesabu za sehemu kwa kutumia vipande vya sabuni.

Wakili_Mdogo

Naunga mkono nesi, na niende pale Kitinda aliposema tutarudi, kwenye wale wavunja kioo.

Mimi naona swali zima limekaa vibaya. Tunauliza maneno yanamfanya nini mgonjwa kwa sababu ni raha kuuliza hivyo, linatuacha sisi pembeni. Wenye akili zao ndio maneno huwaingia zaidi. Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israel, aliuawa tarehe 4 Novemba 1995 na Yigal Amir, mwanafunzi wa sheria kama nilivyokuwa mimi, mahakama ikamkuta timamu. Kabla ya hapo miezi mizima watu wanaandamana, wamebeba picha za Rabin amevalishwa sare za Wanazi, wapo waliokuwa wanajadili kama dini inaruhusu auawe. Rwanda 1994, redio ya RTLM iliita watu mende kila asubuhi katikati ya muziki. Waliobeba mapanga hawakutoka hospitali za akili, walitoka majumbani mwao, walimu, wakulima, majirani. Watatu wa vyombo vya habari, Nahimana, Barayagwiza na Ngeze, walihukumiwa Arusha Desemba 2003. Hakuna aliyethubutu kule mahakamani kusema wasikilizaji walikuwa vichaa.

Na hilo neno kichaa lina kazi yake, tuliangalie linatumiwa na nani. Mtu akiua na yuko upande wetu kisiasa tunasema mgonjwa, akiwa upande wa pili tunasema gaidi, kabla daktari hajamwona. Anders Breivik aliua watu 77 Norway tarehe 22 Julai 2011, madaktari wa kwanza wakasema ni skizofrenia, kelele zikapigwa, jopo la pili likasema hana saikosisi, yaani anajua lipi la kweli na lipi si la kweli, mahakama 2012 ikamkuta timamu. Maandiko yake ya kurasa kama 1,500 yalikuwa yamejaa vitu alivyonakili kwa watu wengine walioandika wakiwa wametulia mezani. Thomas Mair alimuua mbunge wa Uingereza Jo Cox Juni 2016, wiki moja kabla ya kura ya Brexit, ile ya kujitoa Umoja wa Ulaya, siku za kwanza habari zilikuwa ni mpweke, ana matatizo ya akili. Kesi ilipofika mawakili wake hawakuleta ugonjwa wowote kama utetezi. Alikuwa amekusanya maandiko ya Kinazi kwa miaka.

Kisheria sasa. Jembe anaogopa midomo kufungwa na ana haki ya kuogopa, sheria ya "uchochezi" mikononi mwa mtawala mbaya ni kamba ya kunyongea wapinzani. Ndiyo maana Marekani tangu kesi ya Brandenburg mwaka 1969 wanataka mpaka maneno yawe yamelenga kuleta uvunjaji wa sheria wa papo hapo na yanaelekea kuuleta kweli. Yule mgombea wa kaka yake Kitinda hangeshtakiwa popote, na mimi nisingetaka ashtakiwe. Lakini kutoshtakiwa na kutolaumiwa ni vitu viwili. Daniel M'Naghten mwaka 1843 alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu wa Uingereza Robert Peel, akidhani ndiye Peel mwenyewe. Aliamini chama cha Peel kinamfuata kila anakokwenda na kinataka kumuua. Mahakama ikasema huyu hakujua alifanyalo, hana hatia, na kanuni zinazobeba jina lake tunazisoma mpaka leo darasani. Ona ilivyo, hatia iliondolewa kwa mgonjwa, na ni haki. Ila Drummond bado amelala kaburini.

Jembe_la_Shaba

Wakili hapo umenigusa. Mimi hofu yangu ni dola, sina mpango wa kuwatetea watukanaji. Kama tunasema lawama ya watu kwa watu, jamii kumwambia mgombea hiyo lugha hatuitaki, hapo hatugombani. Ila nataka mtu anijibu moja, kuna ushahidi wowote kwamba lugha kali tu, bila amri ya kuua, inabadilisha mtu? Maana "tutapambana", "tutawaangusha", haya yote ni maneno ya vita na tunayatumia hata kwenye mpira.

nesi_wa_zamu

Upo. Nathan Kalmoe, Mmarekani, 2014 alichukua matangazo ya siasa ya kawaida, kundi moja likapewa yenye maneno ya kupigana na vita, lingine likapewa yale yale kwa maneno ya upole. Watu watulivu hayakuwabadilisha. Wale ambao tayari kwa tabia ni watu wa hasira, hasa vijana, walizidi kuunga mkono ukatili dhidi ya viongozi. Angalia hapo hakupima ugonjwa, amepima HASIRA. Ndiyo maana mimi wakati wa kampeni nawaogopa zaidi walevi wa baa kuliko wagonjwa wangu.

Kitinda_Mimba

Hii ya Kalmoe imenikaa. Na kuna nyingine nimeisoma inaendana nayo, idara inayomlinda rais wa Marekani iliwachunguza watu 83 waliowashambulia au kuwakaribia viongozi na watu maarufu kwa nia ya kuwadhuru tangu 1949, ripoti ikatoka 1999. Karibu wote hawakuwa wamemtishia mlengwa kabla. Na wengi walikuwa wamefikiria zaidi ya mlengwa mmoja, leo huyu, kesho yule. Nikakumbuka kaka, jirani, nyaya, daktari, mgombea. Maumivu yapo kwanza halafu yanazunguka yakitafuta wa kumwangukia.

Ndiyo maana mimi nagombana na hili neno "wenyewe wanajijua". Angewataja majina, mtu aliyetajwa angejibu, angeenda mahakamani, na kaka yangu angelala. Fumbo halina mwenyewe, kila anayeogopa anaweza kulivaa. Wazee walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, mimi nimemwona aliyenaswa.

Sauti_ya_Chini

Nimekuwa msomaji wa humu miaka, sijawahi kuandika. Mimi ndiye mgonjwa mnayemjadili. Ninatumia dawa mwaka wa tisa, ninafanya kazi ofisini, wanaojua ni watatu.

Niwaambie linalotokea upande wangu baada ya shambulio. Mara ya mwisho taarifa ilipotoka kwamba aliyefanya "ana historia ya matatizo ya akili", asubuhi yake nilifika ofisini nikakuta mkasi wangu hauko mezani. Mkasi wa kukatia karatasi, nina nao miaka. Mmoja wa wale watatu aliutoa akauweka kwenye droo yake, hakusema kitu na mimi sikuuliza. Niliomba kuazima mkasi wa mtu mwingine kwa mwezi mzima.

Na kuhusu hotuba, Kitinda amesema kweli, ile hali naijua. Si kwamba unaamrishwa. Ni kwamba kila kitu kinakuwa na maana na maana yote inakuelekea wewe, mtangazaji akinyamaza sekunde moja kabla ya neno, ile sekunde ni yako. Kwangu siasa haikunipa hasira ya kumdhuru mtu, ilinipa hofu, nilikaa siku tano bila kutoka na taa zimezimwa nikijua wanakuja. Wengi wetu ndivyo, tunajificha. Huyo hamumwoni kwenye habari kwa sababu hakuna cha kuripoti.

Siku hizi kampeni zikianza natoka kwenye magrupu yote ya familia, nazima notifikesheni, habari namwachia mke wangu anisimulie jioni kwa maneno yake. Yeye akisimulia hakuna anayenisema.

Jembe_la_Shaba

Mkuu Sauti asante kwa kuandika. Huo mkasi wako sitausahau.

Tumaini_Dogo

Samahani naingilia uzi, natetemeka naandika. Mdogo wangu wa kike ana miaka 19, hajawahi kuumwa. Tangu mwezi uliopita halali, anarekodi hotuba kwenye simu anazirudia kipande kimoja kimoja, jana ameniuliza kwa nini nimempa kiongozi fulani namba yake. Sijampa. Nilidhani anapenda siasa. Nifanyeje?

Kitinda_Mimba

Dada/kaka Tumaini usiombe samahani, huu uzi umekufaa wewe. Nesi atanisahihisha, mimi nakwambia tulivyofanya na tulivyokosea.

Usibishane naye kuhusu zile hotuba. Mimi nilimwambia kaka "hakusemi wewe bwana" kwa ukali, akaniingiza na mimi kwenye daftari. Na usimkubalie pia kwamba ni kweli anasemwa. Mwambie naona huna usingizi na unaogopa, mimi nipo upande wako. Uoga wake ni wa kweli hata kama sababu si ya kweli, hapo ndipo pa kumshikia mkono. Simu usimpokonye kwa nguvu, mama alichukua betri na tulipata bahati tu hakuona. Muulize taratibu kama kuna mtu anataka kumdhuru au anatamani kumdhuru, au kujidhuru yeye, uliza wazi, kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo usisubiri kuche.

nesi_wa_zamu

Sina cha kusahihisha. Niongeze tu, miaka 19 na ni mara ya kwanza, huyo asikae hata wiki, mapema ndiyo kila kitu. Ukifika kliniki eleza kama alivyoeleza Kitinda, tarehe ameacha kulala, anasema nini, anakula au hakuli, msije mkasema "amebadilika" tu. Mpe sababu anayoikubali, mwambie tunaenda kwa ajili ya usingizi, na ni kweli usingizi hana. Usiende peke yako.

Tumaini_Dogo

Amekubali kwa ajili ya usingizi. Tunaenda asubuhi, mjomba anakuja na sisi. Amelala saa hizi, simu ameishika mkononi, nimeiacha.